Pembe za Saa

Saa ninayotaka kuisifu haina bei. Ukimpa sonara ataipindua, atayatafuta maandishi madogo ya nyuma, kisha atakurudishia kimya kimya. Dhahabu yake ni ngozi tu, mikroni 20 juu ya shaba, na jambo hilo limeandikwa wazi nyuma ya ncha mojawapo inayoshika mkanda, kwa herufi ndogo kuliko punje ya ufuta. Kifuniko cha nyuma ni cha chuma kisichoshika kutu, nacho kinajitaja hivyo kwa Kifaransa. Jina la kiwanda limefutika usoni. Limebaki jina la Uswisi chini kabisa, na taarifa kwamba ndani mna vito 17.

Mwenyewe ni baba mkubwa wangu, anaishi Rungwa. Aliirithi kwa babu, aliyefanya kazi stesheni ya Itigi enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Kazini babu alikuwa na saa nyingine, nene, ya mfukoni. Hii ya mkono ilikuwa saa ya mtoko: ya Jumapili, ya harusi, ya siku ya kwenda kupokea wageni. Nimeijua tangu utotoni, lakini kuijua na kuitazama ni mambo mawili, na mwaka huu nilisafiri makusudi kwenda kuitazama.

Ukitoka Itigi unashika barabara ya vumbi kwenda kusini, ile inayoelekea Makongolosi na Chunya. Kwanza unapita vichaka vya Itigi, vizito hata mbuzi hupotea ndani ya hatua kumi, halafu miombo inafunguka. Rungwa ipo pale njia ya kwenda Ipole na Tabora inapochepuka. Upande wa mashariki ni Pori la Akiba Rungwa, linalokwenda kupakana na Hifadhi ya Ruaha. Nilifika kiangazi kimekolea, majani yamekwisha kuanguka, na baba mkubwa nilimkuta chini ya mti akichonga mzinga.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo kwenye gogo, si hilo, hilo lina utomvu."

Alikuwa na nusu mbili za gogo la mninga, moja imekwisha kuchimbwa, nyingine nusu njiani. Tezo ilikuwa ikiingia na kutoka bila kelele, na kila pigo lilitoa kibanzi chembamba kilichojikunja kama sikio. Nikamweleza kilichonileta. Hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na kopo la majani ya chai, na ndani ya kopo kipande cha khanga kilichofungwa fundo, na ndani ya fundo saa. Nikanyoosha mkono. Akairudisha kifuani.

"Sasa hivi haisemi kitu," alisema. "Jua liko utosini. Ngoja lishuke."

Nilingoja tangu saa saba hadi saa kumi na moja. Wakati huo wote alichonga, nami nikamtazama, na naamini sasa kwamba kungoja kule kulikuwa sehemu ya kuitazama saa.

Jua liliposhuka usawa wa vichaka aliniwekea saa juu ya ubao wa mzinga, uso juu, na mwanga ukaipiga kutoka ubavuni. Ndipo nikaziona pembe.

Saa nyingi za mkono tunazozivaa leo, ncha zinazoshika mkanda ni vijiti vinne tu vilivyotokezwa ili mkanda upate pa kujishikiza. Za saa hii zinaanza mbali, kwenye ubavu wa kasha. Kila moja inachomoka ikiwa nene, inapanda juu kidogo kuliko ukingo wa kioo, kisha inainama polepole, inakonda, inapinda kuufuata mkono wa mvaaji, na mwisho wake unaishia nchani. Juu ya mgongo wa kila pembe umepita mstari mmoja wa ukingo, mkali kama mkunjo wa suruali iliyopigwa pasi, na mstari huo ndio uliokuwa ukingoja jua la jioni. Upande mmoja wa mstari ulikuwa dhahabu iliyowaka, upande wa pili kivuli cheusi kabisa. Ukiigeuza saa kidogo tu, mwanga unatembea juu ya mgongo wa pembe kutoka shinani hadi nchani, na ukifika nchani unazimika. Nimeigeuza hivyo mara nyingi nisizoweza kuhesabu.

Neno pembe si langu. Mafundi wa saa wanaozungumza Kifaransa, kule Geneva na kwenye milima ya Jura, ncha hizi huziita hivyo hivyo, pembe. Mwaka 1955 Vacheron Constantin walitoa saa ambayo wapenzi wa saa wanaiita hadi leo "pembe za ng'ombe", kwa vile ncha zake nne zimevimba shinani na kuchongoka mwishoni. Mfugaji wa Singida angeitambua bila kuelezwa. Mwaka uliotangulia, kijana wa miaka 23 aitwaye Gérald Genta aliichorea Universal Genève saa ya kusherehekea safari za ndege za shirika la SAS kupitia Ncha ya Kaskazini, kutoka Copenhagen hadi Los Angeles. Saa hiyo, iliyokuja kujulikana kama Polerouter, pembe zake zimesokotwa: zinaanza zikitazama juu, zinaishia zikitazama pembeni. Wazungu walizifananisha na mikono ya kinubi. Mtu wa Rungwa angesema tandala. Porini humo wapo tandala, na yupo palahala, ambaye pembe zake hupanda na kurudi nyuma kwa mkunjo mmoja mrefu usiovunjika popote. Sidhani kama kuna mchoraji wa Geneva aliyewahi kumwona palahala. Lakini mtu anayetaka kitu kigumu kitoke kwenye mwili bila kuonekana kimebandikwa, kinene kinapoanzia na chembamba kinapokoma, atafika pale pale pembe ilipofika.

Kwa nini miaka ile, kati ya kwisha kwa Vita Kuu ya Pili na katikati ya miaka ya 1960? Sababu mojawapo ni ya kibiashara, na haipunguzi uzuri wa kitu. Viwanda vingi vya saa vya Uswisi havikuunda mashine zake vyenyewe. Vilizinunua kwa wachache waliobobea katika kazi hiyo. Uso ulitoka karakana nyingine, mishale nyingine, kasha nyingine. Saa kumi za majina kumi zingeweza kuwa na moyo uleule. Tofauti ilibaki kwenye umbo, na wateja wa baada ya vita, waliochoka na saa za kijeshi, walitaka umbo. Kwa hiyo kazi ya kumvuta mtu dukani ikamwangukia mtengeneza kasha. Ni nadra fundi wa kitu cha nje, wa ganda, kupewa nafasi kubwa namna hiyo, naye hakuichezea.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1957 kampuni ya Hamilton ya Marekani ilitoa Ventura, saa ya mkono ya umeme, ikiwa na umbo la ngao ya pembetatu iliyopinda upande mmoja, kazi ya mchoraji Richard Arbib. Elvis Presley aliivaa katika filamu ya 1961. Huko Geneva, sonara kijana Gilbert Albert aliitengenezea Patek Philippe saa ambazo pande zake hazilingani kabisa, kana kwamba mtu amekata jiwe kwa pigo moja na kuliacha lilivyo. Nazipenda picha zake. Hata hivyo, mapenzi yangu yako kwa saa za duara zenye pembe. Ventura ni umbo la kalamu. Ukiliona kwenye karatasi umekwisha kuliona. Pembe huwezi kuichora ikaisha. Ni mpaka uigeuze.

Na aliyeichonga hana jina usoni. Hili limenigusa kuliko yote niliyojifunza kuhusu saa hizi. Juu ya uso huandikwa jina la muuzaji. Jina la mtengeneza kasha, kama lipo, limefichwa ndani ya kifuniko, na si jina bali alama. Geneva kila karakana ya makasha ya madini ya thamani ilikuwa na namba, na namba hiyo iligongwa ndani ya umbo dogo la ufunguo. Ufunguo wenye namba 9 ni wa Émile Vichet, mmoja wa mabingwa wa kazi hii. Sehemu nyingine za Uswisi alama ilikuwa kichwa cha nyundo. Kando yake ungekuta muhuri wa serikali: kichwa cha mwanamke, Helvetia, kwa dhahabu ya karati 18, yaani sehemu 750 katika 1000, na kindi kwa dhahabu ya karati 14. Mtu aliivaa saa miaka arobaini bila kujua kwamba juu ya mshipa wake analala kindi.

Saa ya babu haina kindi wala ufunguo. Dhahabu yake ya mikroni 20 haikustahili muhuri. Lakini aliyechora pembe zake alikuwa ametazama pembe za wakubwa kwa makini sana, na kiwanda kilichozigonga kilijali, na kujali huko kumefika hadi kwenye kopo la majani ya chai huko Rungwa.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kipande cha madini hukatwa kutoka kwenye bamba au mche, huwekwa juu ya kalibu ya chuma kigumu, kisha hugongwa kwa mashine nzito. Pigo moja halitoshi. Madini yakigongwa huwa magumu na kutaka kupasuka, kwa hiyo hupashwa moto yakalainika, yakagongwa tena, yakapashwa tena, hadi umbo litii. Halafu hukerezwa: tundu la mashine, kiti cha kioo, mdomo wa kifuniko, vyote kwa vipimo ambavyo jicho halivioni. Makasha mengine huchongwa pembe na mwili kwa pamoja. Mengine pembe hutengenezwa peke yake na kulehemiwa ubavuni, na hapo ndipo fundi hupimwa, maana kiungo kikionekana pembe inakuwa kitu kilichobandikwa. Mwisho ni tupa na mkono. Tupa hufuata mgongo wa pembe, na pale nyuso mbili zinapokutana mkono hauna ruhusa ya kutetereka. Ukingo ule mkali unaoukata mwanga si kitu kilichoongezwa. Ni mahali ambapo upande mmoja ulikoma na wa pili ukaanza.

Baba mkubwa alizipitisha pembe zote nne chini ya ukucha wa dole gumba, moja baada ya nyingine, akiwa amefumba macho. "Huyu alijua pa kuacha," alisema. Halafu akanionyesha kwenye nusu ya gogo mahali ambapo yeye mwenyewe ameacha: ndani ya mzinga, karibu na ncha, ubao umebaki mnene kidogo, ili kifuniko cha duara kikae bila kucheza na nyegere akikivuta kisitoke. Kwa nje huoni kitu. Yeye hupima kwa kugonga na kusikiliza.

Kuhusu vifuniko hivyo vya duara, aliniambia jambo ambalo sikulitarajia. Zamani watemi wa Ukimbu na Unyamwezi walivaa kiwangwa, duara jeupe lililokatwa kutoka kwenye kombe la bahari. Kilitoka pwani kwa misafara, mwendo wa miezi, na thamani yake bara haikuwa katika uzito wake. Kilikuwa duara, kiling'aa, kilikaa juu ya mwili wa mtu mwenye heshima. "Na hii ndiyo hivyo hivyo," alisema, akiiangalia saa, wala hakuona haja ya kuongeza neno.

Uso wa saa hii hauna namba. Una vijiti kumi na viwili vya dhahabu, na mahali pa kile cha juu pana viwili sambamba. Nilidhani ni urembo tu, hadi nilipofikiri namna sisi tunavyosoma saa. Mshale mfupi ukisimama penye 7, tunasema saa moja; hiyo 1 iko ng'ambo ya duara, mkabala. Ukisimama penye 10 tunasema saa nne. Mtoto wetu hufundishwa mapema kuiona namba moja na kuitaja nyingine, na maisha yake yote uso wa saa unambishia. Saa za mtoko za miaka ya 1950 nyingi zilizitupa namba zote zikaacha vijiti, kwa sababu walizozijua wao wachoraji: utulivu, nafasi, mwanga juu ya uso mtupu. Bila kukusudia wakamwondolea Mswahili mabishano. Juu ya uso wa saa ya babu, kijiti cha asubuhi ni kijiti cha saa moja na si kitu kingine. Babu aliisoma kwa Kiswahili na haikumpinga.

Kioo si kioo cha dirisha. Ni plastiki ngumu, kilichopanda juu kama mgongo wa kobe. Hukwaruzika haraka, lakini dawa ya meno na kitambaa laini hukirudisha. Baba mkubwa hufanya hivyo kila mwaka kabla ya Krismasi. Kasha lenyewe haliguswi na dawa ya meno wala kitu kingine chochote, na hapa nina jambo la kusema kwa uchungu. Miaka michache iliyopita nilikuwa na saa ya ukoo huu, ya chuma, pembe zake nzuri kuliko hizi. Mashine ilisimama, nikampelekea fundi mmoja mjini. Alinirudishia ikitembea vizuri, nayo inameta kama kijiko kipya. Kwa wema tu, bila kulipisha, alikuwa ameipitisha kwenye gurudumu la kung'arisha. Ile mistari ya mgongoni ilikuwa imekwenda. Pembe zilikuwa zimekuwa duara, laini, kama sabuni iliyooshea nguo za wiki nzima. Chuma kilichotoka hakirudi. Sijapata kumlaumu, maana alinifanyia alilodhani ni hisani, lakini tangu siku hiyo namwambia kila mwenye saa ya zamani: mwambie fundi aguse mashine, kasha aliache na makovu yake.

Gurudumu, hata hivyo, ni dogo mbele ya mzani. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko waliweka sokoni Tokyo saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi, na katika miaka iliyofuata saa za kutia ufunguo zikaonekana mzigo. Bei ya dhahabu nayo ikapanda hadi kufikia dola 850 kwa aunzi Januari 1980. Mtu mwenye saa ya babu yake iliyosimama akagundua kwamba kasha lina bei kuliko saa. Makasha mengi ya dhahabu yakang'olewa mashine na kutupwa chunguni. Kazi ya Vichet na wenzake, migongo yote ile, ikarudi kuwa gramu. Nilikuwa nikiliwazia hilo kwa sababu ukiendelea na ile barabara ya kusini kutoka Rungwa unafika Makongolosi, uwanja wa dhahabu wa Lupa, ambako watu wamekuwa wakichimba na kuchekecha tangu miaka ya 1920. Huko dhahabu hupimwa kwa mzani na kwa jicho linalotafuta usafi. Ni haki yao, wametoka nayo ardhini kwa jasho. Lakini saa ya babu imepona kwa sababu ya umaskini wake. Hakuna aliyeona sababu ya kuiyeyusha.

Ngozi ya dhahabu imekwisha kulika nchani mwa pembe mbili za upande wa kulia, pale mkono wa shati ulipokuwa ukisugua. Shaba imetokeza, nyekundu kidogo. Nilimuuliza kama angependa tuipake upya. Dodoma wapo wanaofanya kazi hiyo. Alifikiri kwa muda.

"Hapa ndipo alipokuwa anaingiza mkono," alisema. "Wakipaka, alipita wapi?"

Kisha akaishika ile kofia ndogo ya ubavuni kwa vidole viwili, vidole vya mtu aliyeshika tezo miaka hamsini, akaitia ufunguo. Alihesabu kwa midomo. Kwenye ishirini na kitu alipunguza mwendo, akahisi springi imejaa, akaacha. Akaiweka sikioni kwake, halafu kwangu. Mashine za namna hii nyingi hupiga mara 18,000 kwa saa, mara tano kila sekunde, na ndani ya kasha lile jembamba sauti haiwi ya kugonga, inakuwa mvumo. Baba mkubwa aligonga kwa kifundo cha kidole ile nusu ya mzinga iliyokamilika, akanitazama kuona kama nimeelewa. Nilielewa. Vyote viwili ni nyumba za kitu kinachovuma, na aliyejenga hataonana na watakaokaa ndani.

Asubuhi yake ilikuwa Jumapili. Alitoka chumbani amevaa shati jeupe la mikono mirefu, vifungo vimefungwa hadi kifundoni, na nikadhani ameiacha saa kwenye kopo. Alipoinua mkono kunionyesha njia ya mkato ya kwenda kanisani, shati lilirudi nyuma kidogo tu. Zikatokeza pembe mbili za juu, jua la saa mbili likapita juu ya migongo yake, na mkono ukashuka.